Miche minane ya muwa, kila mmoja na sura yake

Swali la msomaji wa Tanga:

Shikamoo mtaalamu. Ninakamua juisi ya miwa jirani na stendi ya Kange, na nina kishamba cha nusu eka bondeni kule Muheza. Hapo marehemu babu alikuwa na miwa yake ya kutafuna, myekundu, minene, laini, maji tele. Miaka miwili hii imeingiliwa na ugonjwa: kileleni inatoa kitu cheusi kama mjeledi, ukikigusa kinakuachia masizi mkononi. Jirani akanipa mbegu ya muwa wa kiwandani aliyoipata upande wa Morogoro. Huo haujaugua hata shina moja, lakini mashine yangu inalia ikiusaga, na wateja wanasema juisi yake haina raha ya ule wa babu. Baada ya masika mwaka jana muwa huo wa kiwandani ulitoa masuke. Nikachuma suke moja, nikasia manyoya yake kwenye beseni la udongo. Imeota miche minane. Mmoja mwembamba kama nyasi, mmoja umeanza kuwa zambarau, mwingine una majani mapana, na hakuna hata mmoja unaofanana na mama yake. Wazee wananiambia muwa hauna mbegu. Je, nimepata nini? Naweza kuuoza muwa wa babu kwa huu wa kiwandani nipate wenye utamu wa mmoja na afya ya mwingine? Na ni kweli kwamba wa kiwandani ni GMO, umechanganywa na majani pori?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. La mwisho ndilo lenye ufunguo wa yote, kwa hiyo naanza nalo. Si GMO. Ila majani pori yamo, tena yamo kwenye damu, na ndiyo yanayoufanya muwa wa jirani usimame shambani kwako wakati wa babu unatoa mijeledi.

Muwa wa babu, kwa jinsi ulivyoueleza, ni wa ukoo ambao Waholanzi waliokuwa wakilima Java waliuita miwa ya kiungwana. Kitaalamu ni Saccharum officinarum. Asili yake ni kisiwa cha New Guinea, ambako watu waliuchagua kwa meno kwa maelfu ya miaka. Shina gumu walilitema, laini walilipanda tena. Wakapata muwa mnene, wa rangi za kupendeza, wenye sukari nyingi na nyuzi chache. Walichopoteza njiani ni ukali wa kuishi. Muungwana huyu hajui kupigana. Ukimletea fugwe, yaani huo ugonjwa wako wa mjeledi mweusi, au virusi, au ukame, analala chini.

Ndugu yake wa porini ni Saccharum spontaneum, nyasi ndefu ya kingo za mito barani Asia, ukiiona utadhani ni tete. Shina jembamba, maji kidogo, utamu wa kubahatisha, nyuzi tupu. Lakini mizizi yake inashika ardhi kama deni, ukiifyeka inarudi, na maradhi mengi yanayomwangusha muungwana yeye yanampita pembeni. Karibu kila muwa unaolimwa leo kwa ajili ya kiwanda, iwe Mtibwa, Kilombero, India au Brazili, ni mjukuu wa hawa wawili. Sehemu kubwa ya kromosomu zake, kama asilimia 80, ni za muungwana. Zile za mwitu ni asilimia 10 hadi 15 hivi, na zilizobaki ni vipande vya huku vilivyoungana na vya kule. Hiyo sehemu ndogo ya mwitu ndiyo inayofanya mashine yako ilie.

Kuhusu wazee, usiwacheke. Wenye mashamba makubwa duniani kote nao waliamini muwa hauna mbegu, mpaka karne ya 19 ilipokaribia kuisha. Barbados miche iliyoota yenyewe ilionekana mwaka 1858, watu wakaipuuza. Mwaka 1887 mtafiti Soltwedel alithibitisha kule Java kwamba muwa una mbegu, na 1888 wenzake Harrison na Bovell wakathibitisha tena Barbados. Huo 1888, sisi huku pwani tulikuwa na shughuli nyingine: Abushiri bin Salim, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, alikuwa anawasha vita dhidi ya Wajerumani. Miwa ya Pangani wakati huo ilipandwa kwa pingili tu, kama ya babu yako, kama ya kila mtu.

Na hapa ndipo siri ya muwa ilipo, mwanangu. Ukipanda pingili, hupati mtoto wa muwa. Unapata muwa uleule ukiendelea kuishi mahali pengine. Jicho la pingili lina kila alichonacho mama yake, bila kupungua wala kuongezeka. Muwa wa babu unaoutafuna leo ni ule alioushika yeye mkononi, hata kama shina la kwanza limeoza miaka 60 iliyopita. Lakini mbegu ya suke ni mtu mpya kabisa. Amezaliwa mara moja, hajawahi kuwepo, na hatatokea tena mwingine kama yeye. Umesia wanane, umepata wageni wanane.

Kwa nini wageni hao wametofautiana hivyo? Ukisia mahindi ya aina moja, miche inakaribiana sura. Ya muwa inatawanyika kama watoto wa shule kengele ya mwisho ikilia. Sababu iko kwenye kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Mimi na wewe tunazo 46, yaani jozi 23: nusu kutoka kwa baba, nusu kwa mama. Mpunga una 24, mahindi 20. Muwa wa kiungwana una 80, na si jozi 40. Ni seti moja ya 10 iliyorudiwa mara nane. Wale wa mwitu wana kuanzia 40 hadi 128, kutegemea walikotoka. Na chotara wa kiwandani ana kati ya 100 na 130, hesabu isiyogawanyika vizuri, kwa sababu alizaliwa kwa ndoa za ovyo ovyo nitakazokueleza.

Chukua karata. Kwa kila kinasaba, mimi na wewe tuna karata mbili mkononi. Muwa wa kiwandani una kumi, kumi na mbili, pengine zaidi. Unapotengeneza chavua au yai, unazichanganya zote na kugawa nusu bila kuangalia. Sasa tuseme kuna karata moja tu nzuri, ya kuzuia ugonjwa fulani, katikati ya kumi na mbili. Mtoto anachukua sita. Nusu ya watoto wataipata, nusu wataikosa. Karata zikiwa mbili, wengi wataipata, baadhi wataipata mara mbili. Hiyo ni sifa moja. Fanya hivyo kwa maelfu ya vinasaba kwa wakati mmoja, halafu niambie kama utashangaa mmoja kutoka kama nyasi na mwingine zambarau.

Ugumu huu ndio uliofanya muwa uchelewe kusomwa. Mpunga ulishasomwa vinasaba vyake vyote zamani. Muwa wa kilimo ulisomwa wote, seti zote, na kuchapishwa mwaka 2024 tu. Ni aina iitwayo R570, iliyozaliwa Réunion, kisiwa cha bahari hii hii yetu ya Hindi. Urefu wake wote ni herufi karibu bilioni 10. Binadamu na maringo yake yote ana bilioni 3. R570 ilichaguliwa kwa sababu watafiti waliifahamu tangu zamani. Ina kinasaba kimoja, walichokipa jina Bru1, kinachozuia kutu ya kahawia kwenye majani, na kimeizuia kwa miongo mingi bila ugonjwa kukizoea. Ukiichavusha R570 kwa chavua yake yenyewe, watoto watatu kati ya wanne wanastahimili kutu hiyo. Laiti kila sifa ingekuwa ya kinasaba kimoja namna hiyo! Utamu, unene, kurudi vizuri baada ya kukatwa, kuvumilia fugwe, vyote hivyo ni vinasaba vingi vinavyovutana.

Sasa hizo ndoa. Mwishoni mwa karne ya 19 Java ilipigwa na ugonjwa ulioitwa sereh, ambao uliifanya miwa idumae ikawa kama mchaichai. Wakati huo huo, kwenye miteremko ya kisiwa hicho, kulikuwa na muwa mwembamba wa porini ulioitwa Kassoer, na sereh haikuugusa. Baadaye ikajulikana kwamba Kassoer ni mtoto wa nje ya ndoa: mama muungwana, baba nyasi pori. Walipozihesabu kromosomu zake walikuta 136. Piga hesabu na wewe. Nyasi pori ya Java ina 112, nusu yake 56. Muungwana ana 80, nusu yake 40. Jumla ingekuwa 96. Iweje 136? Ni kwa sababu mama muungwana, akichavushwa na mwitu, hagawi. Anampa mtoto mzigo wote, 80 kamili. 80 na 56 ni 136. Kwa mimea hili ni jambo la ajabu, na kwa wazalishaji wa mbegu lilikuwa zawadi, maana uungwana ulirudi haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Mtoto wa kwanza wa namna hiyo hafai kiwanda wala mteja wako. Ni mgumu na maji yake hafifu. Basi anaozwa tena kwa muungwana, na mtoto wake tena kwa muungwana, na kila kizazi unachagua wale waliobaki na afya huku wakirudishiwa utamu. Waholanzi waliiita kazi hiyo kumrudishia uungwana. Neno lina kiburi chake cha kikoloni, lakini kwa Kiswahili limekaa vizuri, nalitumia. Kule Java kazi hiyo ilizaa POJ 2878, iliyochavushwa mwaka 1921. Miaka ya 1920 ilipokaribia kuisha ilikuwa imetwaa sehemu kubwa kabisa ya mashamba ya kisiwa hicho.

India walifuata njia yao. Kituo cha Coimbatore kilianzishwa mwaka 1912, na chini ya Barber na Venkatraman kikatoa Co 205, mtoto wa muungwana na nyasi pori ya huko huko India, kwa ajili ya maeneo ya kaskazini yenye baridi na ukame. Miaka ya 1930 alifika hapo Janaki Ammal, mwanamke wa Kerala aliyeoza muwa hata kwa mahindi ili aone kromosomu zitafanya nini. Kila ukiona muwa wenye jina la Co, ujue ulizaliwa Coimbatore. R ni Réunion, M ni Morisi, B ni Barbados, N ni Natal ya Afrika Kusini. Ule mkongwe wa mashamba makubwa ya Tanzania, NCo 376, umebeba safari yake kwenye jina: mbegu zilichavushwa India, kwa kuoza Co 421 na Co 312, zikasafirishwa, mche ukachaguliwa Natal. Mche mmoja. Kila shina la NCo 376 lililowahi kupita kwenye kinu chochote hapa nchini ni kipande cha mche huo mmoja. Na una udhaifu wake vilevile. Fugwe unauweza kwa shida, kwa hiyo usidhani kila kilichotoka kiwandani ni ngao. Muulize jirani jina la aina aliyokupa kabla hujauamini.

Wewe ni mtu wa Tanga, na mambo haya umekua nayo bila kujua. Panda juu Amani. Watafiti wa pale, miaka ya 1930 na 1940, walikuwa wanahangaika na batobato la mihogo. Mhogo wa kawaida ulikuwa unakunjamana majani. Wakauoza kwa mti wa mpira, huo huo tunaochuma kisamvu cha mpira. Mtoto alikuwa na afya lakini mizizi yake haili mtu. Wakamrudisha kwa mhogo, tena na tena, mpaka mizizi ikarudi na afya ikabaki. Mbegu zao zilipelekwa Nigeria, na damu hiyo ya Amani imo kwenye mihogo mingi ya Afrika leo. Mkonge nao ni hivyo: ule wa H.11648 ambao umeuona ukiwa kwenye basi la Korogwe ni matunda ya kazi ya Tanga hii hii, chotara aliyerudishwa kwa mzazi wake mmoja, Agave amaniensis, mmea wenye jina la Amani. Muwa, mhogo na mkonge vyote vinapandwa kwa vipande au vichipukizi vya mama, na vyote viliboreshwa kwa kuozwa na jamaa zao. Mtu akija kukuambia kuchanganya na pori ni uchawi wa kisasa, muulize kisamvu amekula lini.

GMO ni jambo jingine. Hapo kinasaba kinaingizwa maabara, si kwa chavua. Kwa muwa lipo: Indonesia wamepitisha unaovumilia ukame, na Brazili mwaka 2017 walipitisha unaojikinga na kiwavi anayetoboa shina. Huku kwetu hakuna muwa wa namna hiyo unaolimwa kibiashara. Nitaliacha hapo.

Turudi kwenye beseni lako. Nikuulize kitu ulichokiruka: baba ni nani? Mama unamjua, ni muwa wa kiwandani uliochuma suke lake. Baba ni upepo. Huenda muwa ulijichavusha wenyewe, na hapo watoto huwa dhaifu, wadogo, kama ilivyo kwa ndoa za ndugu. Huyo mwembamba kama nyasi ananipa wasiwasi huo. Huenda chavua ilitoka kwa muwa wa mtu mwingine ng'ambo ya mto. Wa babu ungeweza kuwa baba, lakini hukusema kama nao ulitoa suke siku hizo hizo, na miwa ya kiungwana mara nyingi ina chavua hafifu. Kwa kawaida yeye ndiye anawekwa mama.

Hapo ndipo unapofika kwenye kikwazo chako cha kwanza ukitaka kuwaoza mwenyewe. Muwa hutoa suke kwa kusoma urefu wa siku. Ukihisi siku zinapungua polepole kutoka kwenye saa 12 na nusu, na usiku usiwe baridi, na maji yasikosekane, kilele kinaacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza ua. Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki hata saa nzima, kwa hiyo ishara ni hafifu na miwa inaisoma kila mmoja kivyake. Mmoja unatoa suke Mei, mwingine Julai, mwingine mwaka huo hautoi kabisa. Hata hivyo pwani ina nafuu kuliko bara lenye usiku wa baridi. Wenzetu wa Kenya, ambao mashamba yao mengi ya miwa yako magharibi, kazi ya kuchavusha waliileta Mtwapa, karibu na Mombasa. Afrika Kusini, kwenye baridi, wanaiingiza miwa kwenye nyumba maalumu na kuidanganya kwa taa na mapazia ili masuke ya baba na mama yatoke wiki moja.

Yakitoka pamoja, kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Suke la mama linafungiwa kwenye kibanda cha kitambaa ili chavua ya mtaani isiingie. Shina la baba linakatwa, linasimamishwa kwenye maji yenye dawa hafifu ya tindikali yasioze, suke lake likiwa juu kidogo ya la mama, na kila asubuhi linatikiswa. Chavua inapimwa kwa aidini: iliyojaa wanga inageuka nyeusi, hiyo ni hai. Isiyogeuka ni vumbi. Mbegu zikikomaa ni punje ndogo mno ndani ya manyoya, gramu moja ina mamia. Na hazikai. Joto la Tanga linaziua ndani ya wiki chache, ndiyo maana vituo vinazikausha na kuzigandisha. Wewe ulisia mapema bila kujua, ndiyo pona yako.

Kwa hiyo jibu la swali lako la ndoa: inawezekana. Baadhi ya watoto huenda wakawa na ulaini wa kutosha, wengine watakuwa na afya, na mwenye vyote viwili pamoja na unene na kurudi vizuri baada ya kukatwa ni mmoja katika kundi kubwa sana. Kituo cha utafiti kinaanza na makumi ya maelfu ya miche, kinapunguza mwaka hadi mwaka, kinapanda sehemu mbalimbali, kinakata, kinasubiri maotea, yaani machipukizi ya kisiki baada ya kukatwa, na baada ya miaka 10 hadi 15 kinabaki na aina moja au mbili. Kuna miaka kinabaki bila kitu. Huko Kibaha, TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wanafanya kazi ya miwa, pamoja na kuzipitisha karantini aina zinazotoka nje kabla hazijaguswa na shamba la mkulima. Kabla hujajenga kibanda cha kitambaa, nenda kawaulize kama wana aina laini inayostahimili fugwe. Nauli ya Kibaha ni ndogo kuliko miaka 10.

Lakini wewe una faida moja wasiyokuwa nayo wao. Wao wanatafuta muwa wa kinu: tani kwa hekta, sukari, kutolala, kukubali kukatwa na kuungua. Muwa mzuri wa juisi wanautupa mwaka wa pili kwa sababu nyuzi zake hazitoshi kuchoma tanuru la kiwanda. Wewe hizo nyuzi huzitaki. Unataka ganda linalokubali mashine, maji mengi yasiyogeuka kahawia upesi kwenye jagi, na utamu unaovumilia ndimu na tangawizi. Ukichagua kwa ajili ya hayo tu, shabaha yako ni pana kuliko yao. Kwa miche minane bado ni bahati nasibu, sikufichi.

Fugwe sasa, maana hilo halisubiri. Huo mjeledi mweusi ni kuvu. Lilielezwa mara ya kwanza Natal mwaka 1877, na tangu hapo limezunguka dunia. Masizi yake yanaruka na upepo, yanatua kwenye majicho ya pingili, yanalala humo mpaka jicho lichipue. Ndiyo maana kila ukipanda mbegu ya babu unapanda na ugonjwa. Maotea ni mabaya zaidi, yanatoka membamba kama majani ya ufagio. Usikate mjeledi ukautupa. Vika kwanza mfuko juu yake taratibu, ufunge, ndipo ukate. Kisha ng'oa shina zima na mizizi, uchome. Fanya asubuhi kabla upepo haujaamka. Usiache maotea kwenye eneo hilo, na usipande muwa hapo msimu unaofuata. Weka mahindi au maharage.

Kuukomboa muwa wa babu kunawezekana, kwa sehemu. Chagua mashina kutoka kwenye visiki ambavyo havijawahi kutoa mjeledi, ukate pingili, uzitumbukize kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 kwa saa mbili. Hiyo inapunguza sana fugwe na inaua pia ule ugonjwa wa kudumaza maotea ambao hauonekani kwa macho. Neno langu hapa ni kipimajoto. Nilipokuwa kijana kazini niliamini kipimajoto kibovu, maji yakawa na nyuzi 54. Pingili mia tatu zilikuwa nzuri kwa macho, zikapandwa kwa heshima zote, na hakikuota hata kijicho kimoja. Bosi wangu hakusema kitu. Alinipa jembe nikazifukue mwenyewe. Na maji hayo hayabadilishi damu ya muwa. Yatakupa mbegu safi ya muwa uleule mdhaifu, na masizi yakirudi kutoka kwa jirani utaanza upya. Utauweka hai kwa ajili ya wateja, si kwa ajili ya kuutegemea.

Hiyo minane ihamishe mvua zikianza, ikiwa imefika kimo cha mkono hadi kiwiko. Iweke hatua mbili kila upande, kila mmoja na kibao chake chenye namba. Usiiite kwa sura, sura zitabadilika. Weka pembeni, mbali na palipougua. Usiionje kabla ya miezi 10. Wakati huo tafuta mtu mwenye kipima briksi, kifaa kidogo cha mkononi unachodondoshea tone la maji ya muwa na kusoma utamu. Pima pingili ya katikati, si ya chini, maana ya chini inasifia kila muwa. Utamu wa mche mmoja unaweza kuuamini kiasi, unarithiwa vizuri. Unene na wingi wa mashina usiuamini. Pengine ulikaa karibu na samadi. Katiza shina ukaangalie kama katikati kuna uwazi au sifongo. Lisage moja kwenye mashine yako, uache juisi kwenye glasi nusu saa uione rangi yake.

Itakayokupendeza, tuseme miwili, ikate pingili upande mstari wa kila mmoja, na mstari wa muwa wa babu na wa kiwandani katikati yao ili upate cha kulinganisha. Ukivuna, acha maotea yaje mara mbili. Ukiona mjeledi kwenye mstari, ng'oa mstari wote bila huruma, hata kama ndiyo ule wa zambarau. Na ukifika maotea ya pili ukiwa na mmoja msafi, laini, unaouzika, niandikie. Kabla hujampa jirani yeyote mbegu yake, tutaupeleka Kibaha wauone, na kama unataka kuuza mbegu yake kwa watu, TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, ndio wenye sheria ya kuuthibitisha.

Huyo mwembamba kama nyasi naye usimng'oe. Mpe namba yake, mpande mwisho wa mstari karibu na maji. Kama fugwe halitamgusa miaka mitatu, huyo ndiye baba utakayemhitaji siku muwa wa babu utakapotoa suke.